Mirathi ya Mary Davies: Vipi Aila Moja Ilivyoishika Ardhi ya London

Jamaa zetu wengi wanaoishi London, na wale wanaokuja kututembelea kutoka Maskati, Dubai na Mombasa, hawakosi kupita Oxford Street. Wakitoka katika kituo cha treni cha Bond Street kwa mlango wa kusini hujikuta katika barabara iitwayo Davies Street. Wakisonga mbele kidogo watakutana na Grosvenor Square, na upande wa pili wa uwanja huo kuna North Audley Street na South Audley Street. Wapitao hapo ni maelfu kila siku, na wachache wanaojua kuwa vibao hivyo vya barabara ni taarikhi ya mirathi. Audley ni mzee aliyeinunua ardhi. Davies ni mtoto wa kike aliyeirithi. Grosvenor ni mume aliyemwoa mtoto huyo.

Nimeonelea khabari hii ifae kutiwa katika kitabu chetu kwa kuwa hakuna jambo linalozungumzwa katika aila zetu kwa sauti ya chini kuliko mirathi. Nani alipata nini, shamba la babu limekwenda wapi, hati iko kwa nani. Na Waingereza, ambao kwa miaka mingi ndio waliokaa katika viti vya mahakama zetu, walikuwa na mirathi yao wenyewe waliyoilinda kwa njia ambazo hawakutukubalia sisi. Hilo nitalifikia mbele. Kwanza tuianze ardhi yenyewe.

Shamba la Ebury lilikuwa magharibi ya mji wa London, katika eneo la Westminster. Lilikuwa malisho na vinamasi, na sehemu yake moja iliyoitwa Five Fields ilikuwa na sifa mbaya ya wezi. Tangu zama za Wanormani ardhi hii ilikuwa ya watawa wa Abasia ya Westminster. Kwa lugha yetu tungeweza kusema ilikuwa kama wakf ya kanisa: mapato yake ni ya watawa na ibada zao, wala haikukusudiwa kuuzwa. Mwaka 1536 Mfalme Henry wa Nane akaichukua, kama alivyochukua mali nyingi za abasia. Ikapita mikono kadha mpaka ikamfikia waziri mmoja wa fedha, Lionel Cranfield, ambaye mwaka 1624 alishitakiwa na Bunge kwa kula rushwa akaanguka. Cranfield alipohitaji fedha akaiuza Ebury mwaka 1626 kwa pauni 9,400, na mnunuzi alikuwa Hugh Audley.

Audley alikuwa karani wa mahakama na mkopeshaji fedha. Alipokufa mwaka 1662 kijitabu kilichapishwa kuwafundisha watu namna ya kutajirika kama yeye, na humo ilisemwa kuwa alianza mwaka 1605 na pauni 200 akafa ana pauni 400,000. Msomaji atajua mwenyewe fedha zilizaaje vile. Mlango wa kwanza wa utajiri huu ni riba, tena riba ya kuwakopesha mabwana wakubwa walioishi kwa fahari kuliko uwezo wao.

Audley hakuacha mtoto. Ardhi yake ya Ebury aliwaachia vijana wa ukoo wa dada yake, na sehemu kubwa ikamwangukia Alexander Davies. Huyu hakuifaidi. Mwaka 1665 tauni iliingia London na ikamchukua akiwa kijana, hakuandika wasia, akamwacha mke na binti mchanga wa miezi 6 hivi aitwaye Mary. Ndugu yake Alexander, Thomas Davies, muuza vitabu ambaye baadaye alikuwa Meya wa London, alikuwa hai.

Hapa wasomaji wetu nawaomba tuifanye hesabu, kwani ndiyo itakayotuonyesha tofauti. Tukichukua kuwa waliobaki ni mjane, binti mmoja na ndugu wa kiume, kadhi wetu angegawa hivi: binti nusu, mjane thumuni, na kilichobaki, ambacho ni thumuni tatu, ni cha ndugu kwa kuwa ni asaba. Ardhi yote ilikadiriwa kuwa ekari 500 hivi. Basi Mary angepata 250, mama yake 62 na nusu, na ami yake Thomas 187 na nusu. Sheria ya Kiingereza ya wakati ule haikugawa vile. Mjane alikuwa na theluthi ya mapato ya ardhi maisha yake tu, akifa inarudi. Ndugu hakuwa na kitu. Na mtoto wa kike, kwa kuwa hana kaka, alichukua yote. Lau Mary angekuwa na kaka, hata mdogo wake, asingepata hata ekari moja. Lau angekuwa na dada, wangegawana nusu kwa nusu na ardhi ingeolewa na waume wawili. Utajiri wote wa aila hii umesimama juu ya jambo hilo dogo, kwamba alikuwa mtoto pekee na baba yake hakuishi kupata mwingine.

Mtoto wa kike mwenye ekari 500 pembeni mwa mji unaokua hakuachwa apumue. Alipokuwa na miaka 7 mama yake na baba wa kambo walifanya mapatano na Lord Berkeley ili Mary aolewe na mwanawe wa kiume, naye akatoa pauni 5,000. Lakini Berkeley alitakiwa pia kutoa ardhi, akashindwa, na mapatano yakavunjika. Sir Thomas Grosvenor akaingia hapo. Alikuwa kijana wa miaka 21 mwenye cheo cha Baroneti na mashamba makubwa ya Eaton katika jimbo la Cheshire, ambayo ukoo wake uliyapata karne ya 15, nayo pia kwa kuoa mrithi wa kike. Akamrudishia Berkeley pauni zake pamoja na faida yake, na tarehe 10 Oktoba 1677 akamwoa Mary katika kanisa la St Clement Danes. Bibi harusi alikuwa na miaka 12.

Watu wa hapa hupenda kutusimanga kwa ndoa za watoto kana kwamba ni jambo lililozaliwa katika nchi za joto. Sina haja ya kulitetea jambo hilo, liwe la kwetu au la kwao. Lakini mitaa iliyo ghali kuliko yote katika mji wao imesimama juu ya ndoa ya mtoto wa miaka 12, na hilo ni katika taarikhi yao wenyewe.

Kwa sheria yao, mke akiolewa mume ndiye aliyeshika ardhi yake na kula mapato yake muda wote wa ndoa. Mwanamke wa Kiislamu alikuwa na mali yake mwenyewe na mumewe hana amri juu yake. Mwanamke wa Kiingereza aliyeolewa hakuipata haki hiyo kikamilifu mpaka sheria ya mwaka 1882. Ndiyo maana Sir Thomas alipokufa mwaka 1700, Mary akawa mjane wa miaka 35 mwenye utajiri wake mkononi, akili yake imeanza kutetereka na watu wamemzunguka. Mwaka 1701 alikuwa Paris, katika hoteli iitwayo Castile, pamoja na kasisi wa Kikatoliki aliyekuwa akikaa naye nyumbani. Ndugu wa kasisi huyo, Edward Fenwick, akatokeza kudai kuwa Mary ameolewa naye hotelini humo. Mary alikana na kusema kuwa amelishwa dawa. Kesi ikasumbua mahakama miaka kadha, maana iliyokuwa ikigombewa si heshima ya mwanamke peke yake. Aliyethibiti kuwa mume angepata Ebury mkononi. Mwaka 1705 ndoa ilibatilishwa. Mwaka huo huo Mary alihukumiwa kuwa hana akili timamu, akawekwa chini ya uangalizi, na akaishi hivyo mpaka alipokufa mwaka 1730. Barabara ile moja ndiyo ukumbusho wake.

Wanawe watatu wa kiume, Richard, Thomas na Robert, walifuatana katika cheo mmoja baada ya mwingine. Katika zama za Richard ndipo ardhi ilipoanza kuzaa. Miaka ya 1720 alipima uwanja wa Grosvenor Square na barabara zilizouzunguka, katika zile ekari 100 za kaskazini tunazoziita leo Mayfair. Na namna alivyoijenga ndiyo siri ya pili ya mirathi hii, baada ya ile ya mtoto pekee.

Hakujenga mwenyewe, wala hakuuza. Alimpa fundi au tajiri kiwanja kwa mkataba wa miaka mingi, mara nyingi miaka 99. Mwenye kukodi hujenga nyumba kwa fedha zake, kwa ramani anayoridhika nayo mwenye ardhi, na hulipa kodi ndogo ya kiwanja kila mwaka. Huweza kuipangisha nyumba au kuuza haki yake kwa mwingine. Lakini miaka ikimalizika, kiwanja na nyumba iliyo juu yake, pamoja na milango, ngazi na mabomba, vyote hurudi kwa mwenye ardhi bila ya kulipa kitu. Babu alitoa shamba la malisho, na kitukuu akapokea mtaa wa mawe. Mitaa ya kusini iliyojengwa kuanzia miaka ya 1820, Belgravia na Pimlico, ilifuata njia ile ile. Fundi mkuu alikuwa Thomas Cubitt, ambaye alivikausha vinamasi vya Five Fields na kuvijaza udongo uliochimbwa katika gati za St Katharine mashariki ya mji. Jina la Belgravia limetokana na kijiji kidogo cha Belgrave kilicho katika mashamba ya aila hiyo kule Cheshire.

Wazee waliokulia Mombasa au Ng'ambo ya Unguja wataona hapa kitu wanachokijua, maana huko pia mtu alikuwa na nyumba yake juu ya kiwanja cha mwingine na akilipa kodi ya ardhi. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kuilipa kodi hiyo ilipopandishwa, na baadhi yao walifungwa. Lakini tofauti ni kubwa. Kwetu nyumba ilikuwa ni ya aliyeijenga, na akiondolewa kiwanjani alikuwa na haki ya miti na mabati yake. Mwenye ardhi wa Grosvenor Square hukungojea miaka 99 halafu akachukua na paa. Kwa wale katika jamaa zetu walionunua fleti London na kuambiwa na wakili kuwa imebakisha miaka 74, desturi hii ya mabwana ndiyo asili yake.

Siri ya tatu ni katika makaratasi. Mtu anaweza kurithi mitaa na kuipoteza kwa kamari katika usiku mmoja, na wana wa mabwana walikuwa mahodari wa kamari. Wanasheria wa karne ya 17, na sifa kubwa hupewa Sir Orlando Bridgeman, walitengeneza hati ya kumfunga mwana asiweze kuuza. Ilikwenda hivi. Baba hupewa ardhi kwa maisha yake tu, mwanawe wa kwanza ndiye atakayeirithi baada yake. Baba hawezi kuuza kwa kuwa si yake, na mwana hawezi kuuza kwa kuwa bado haijamfikia. Mwana akitimiza miaka 21, baba humwita na kumwonyesha karatasi mpya: tia saini, ujifunge na wewe uwe mwenye maisha tu na ardhi iende kwa mwanao atakayezaliwa, na mimi nitakupa posho nzuri kuanzia leo. Kijana wa miaka 21 mwenye madeni ya farasi hutia saini. Kila kizazi kilifungwa hivyo na kile kilichotangulia, na kila kizazi kilikubali kwa ridhaa yake.

Waliobaki walipewa mafungu ya fedha. Mabinti walipata fungu la kuolewea, mjane posho ya ujane, na wana wadogo walinunuliwa cheo jeshini, wakatiwa katika kanisa, au wakaenda makoloni. Hao wa mwisho tuliwaona wenyewe. Denys Finch Hatton, anayejulikana sana kwa vitabu na filamu za Kenya, alikuwa mwana wa pili wa Earl wa Winchilsea. Galbraith na Berkeley Cole walikuwa wana wadogo wa Earl wa Enniskillen. Kwao hawakuwa na ardhi, wakaja kuitafuta katika Bonde la Ufa. Na Lord Delamere, ambaye alikuwa mwenye cheo hasa na jirani wa akina Grosvenor katika Cheshire, mwaka 1903 alipewa na serikali ekari 100,000 Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Hesabu ya 99 ilitoka Mayfair ikapanda meli. Mwaka 1915 sheria mpya ya ardhi ya Kenya ikaifanya 999 kwa walowezi.

Sasa nifikie jambo nililoliahidi. Katika dini yetu mtu aliyetaka mali yake isivunjike aliweza kuifanya wakf: nyumba au shamba haliuzwi wala halirithiwi, mapato ni ya watoto wake na vizazi vyake, na kizazi kikimalizika huenda kwa masikini. Aila nyingi za mwambao na za visiwa zilikuwa na wakf za namna hiyo, na baadhi yenu mna nakala za hati hizo mpaka leo. Mwaka 1894 ilifika London kesi kutoka Bengal juu ya wakf kama hiyo. Iliyoisikiliza ni lile Baraza la Malkia lililokuwa mahakama ya mwisho kwa makoloni yote. Mabwana wale waliamua kuwa wakf ambayo kizazi cha mtu hula kwanza, na masikini wanangojea mpaka kizazi kife, si sadaka ya kweli, basi haifai. Kauli hiyo iliwaudhi Waislamu wa Bara Hindi, na mwaka 1913, kwa juhudi ya Mohammed Ali Jinnah, ilitungwa sheria ya kuzihalalisha tena wakf hizo. Lakini sheria ile ilikuwa ya Bara Hindi tu. Kesi ya aila moja ya Mombasa ilipofika katika Baraza lile lile mwaka 1951, mabwana walisema wamefungwa na kauli yao ya 1894, na wakf ikavunjika. Ikabidi na huko kwetu sheria itungwe kuiponya hali hiyo.

Kutoka Downing Street, ambako Baraza hilo lilikuwa likikaa, mpaka Belgrave Square ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mabwana waliokaa pale kusema kuwa Mwislamu wa Mombasa hawezi kuifungia ardhi yake kizazi chake walikuwa wamezungukwa na mitaa iliyofungwa kwa kizazi cha mtu mmoja tangu mwaka 1677. Watasema wanasheria kuwa hati yao ya Kiingereza ina mpaka, haiwezi kufunga zaidi ya maisha ya mtu aliye hai na miaka 21 baada yake, na wakf haina mpaka. Ni kweli. Lakini mpaka unaofunguliwa na kufungwa upya kila kijana anapotimiza miaka 21 sijui ni mpaka wa namna gani. Na iko tofauti nyingine ambayo wao hawakuitaja: wakf ya mzee wetu iliweza kuwalisha watoto wote, wa kiume na wa kike, na wajukuu wao. Hati yao ilimlisha mmoja.

Huyo mmoja alizidi kupanda. Aila ilipata cheo cha Baroni mwaka 1761, Earl mwaka 1784, Marquess wa Westminster mwaka 1831, na mwaka 1874 Malkia Victoria akampa mkubwa wao cheo cha Duke. Mwaka 1894, mwaka ule ule wa kesi ya Bengal, serikali ilileta kodi mpya juu ya mali ya maiti. Ilianza kidogo, kwa utajiri mkubwa kabisa asilimia 8. Kufikia miaka ya 1950 ilikuwa asilimia 80.

Pigo liliangukia kwa Duke wa Pili. Alirithi mwaka 1899 akiwa na miaka 20, akaoa wake wanne kwa kufuatana, na akauza vitu ambavyo baba zake wasingeuza. Mchoro maarufu wa Gainsborough wa mvulana wa nguo za buluu uliuzwa mwaka 1921 ukaenda California. Jumba lake la Park Lane lilivunjwa, na mahali pake pakajengwa hoteli ya Grosvenor House ambayo jamaa zetu kadha wamewahi kualikwa harusi humo. Mwanawe pekee wa kiume alikufa mwaka 1909 akiwa na miaka 4. Alibaki na mabinti wawili, na mabinti hawarithi cheo. Basi ardhi iliyopatikana kwa mtoto wa kike ilipita juu ya vichwa vya watoto wawili wa kike ikaenda kwa binamu. Duke huyo alikufa mwaka 1953. Kodi ilihesabiwa kwa mamilioni ya pauni na ilichukua miaka mingi kumalizwa, na katika miaka hiyo ndipo Pimlico yote ilipouzwa. Zilibaki Mayfair na Belgravia, ekari 300 hivi.

Pigo la namna hiyo halikurudi tena. Duke wa Nne alikufa mwaka 1967 kwa saratani, lakini alikuwa amejeruhiwa vitani Normandy mwaka 1944, na sheria ilimsamehe kodi aliyekufa kwa majeraha ya vita. Wadhamini walikwenda mahakamani, na zaidi ya miaka 10 baada ya kuzikwa kwake mahakama ilikubali kuwa jeraha lile lilichangia kifo chake. Na mali yenyewe ilikuwa imekwisha kuhamishwa katika amana. Duke ni mnufaika, wadhamini ndio wenye mali, na wadhamini hawafi. Duke wa Sita alipokufa ghafla Agosti 2016, magazeti yaliukadiria utajiri wa aila kuwa pauni bilioni 9. Kodi ya mirathi kwa mtu wa kawaida ni asilimia 40 ya kinachozidi kiwango kilichosamehewa. Mali iliyo katika amana za namna hii hutozwa kila miaka 10, na haizidi asilimia 6. Sikusudii kusema kuwa wamevunja sheria. Sheria ndiyo iliyoandikwa hivyo.

Aliyewatia tabu zaidi ni mpangaji. Mwaka 1967 Bunge lilipitisha sheria inayompa mwenye mkataba mrefu wa nyumba haki ya kuununua uwanja wake, apende asipende mwenye ardhi. Wadhamini wa Duke wa Pili, ambao walikwisha nyang'anywa, kwa neno lao, nyumba 80 hivi za Belgravia, walikwenda mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kule Strasbourg. Mwaka 1986 walishindwa. Mwaka 1993 haki ile ilienezwa kwa fleti, na Duke wa Sita akajitoa katika chama cha Conservative kwa hasira. Kwa wale wetu wanaokaa katika fleti za miaka inayopungua, sheria hizi mbili zina faida zaidi kuliko taarikhi yote niliyoisimulia, na ni vyema kumwona wakili kabla miaka haijashuka chini ya 80, kwani hapo gharama imekuwa ikipanda sana.

Wamarekani walitaka kuununua uwanja wa ubalozi wao pale Grosvenor Square, uliofunguliwa mwaka 1960. Inasimuliwa kuwa aila iliwajibu kuwa watauza siku Marekani itakapowarudishia ardhi zao za Florida zilizochukuliwa wakati wa vita vya kujitenga na Uingereza. Wakapewa mkataba wa miaka 999. Mwaka 2009 shirika la Qatari Diar liliinunua haki hiyo, na mwaka 2018 ubalozi ukahamia ng'ambo ya mto Thames. Fedha za Ghuba zikiingia Mayfair nazo hukodi.

Wengi wetu tuna hati za mashamba ya karafuu na minazi ambayo serikali iliyataifisha mwaka 1964, na kuna waliokwisha kuzichana. Mzee mmoja alipata kuniuliza kama sisi tungekuwa na ujanja huu wa amana na miaka 99, tusingebaki na chochote? Mimi naona hapana. Henry wa Nane hakusoma hati za watawa. Karatasi za akina Grosvenor zimeishi kwa kuwa tangu mwaka 1677 serikali iliyoyalinda makaratasi hayo haijapinduliwa ikaletwa isiyoyatambua, na kwa muda mrefu wao wenyewe walikuwa na kiti katika Bunge lililokuwa likitunga sheria.

Duke wa Saba, Hugh, alirithi mwaka 2016 akiwa na miaka 25. Ana dada wawili wakubwa kuliko yeye, ambao cheo kiliwapita. Alioa Juni 2024 katika kanisa kuu la Chester, na mtoto wao wa kwanza, msichana, alizaliwa Julai 2025. Kwa hati ya 1874 cheo cha Duke huenda kwa wanaume wa kizazi cha Duke wa Kwanza tu, na katika kizazi hicho hakuna mwanamume mwingine aliyebaki. Asipozaliwa mvulana cheo cha Duke kitakufa, na kile cha Marquess kitahamia kwa jamaa wa mbali, Earl wa Wilton. Ardhi, kwa kuwa iko katika amana, haifungwi na hati ile, na wadhamini wanaweza kuwa na shauri jingine juu ya mtoto wa kike.